Kiondo ni chako, lakini picha je? Hakimiliki kwa wanaouza kazi za mikono mtandaoni

Tuseme ni wiki ya kwanza ya Desemba. Umekaa kwenye kibanda chako karibu na Marikiti, Machakos mjini, mkonge uko mapajani na simu umeilaza juu ya rundo la viondo. Simu inalia. Unadhani pesa imeingia. Kumbe ni barua pepe kutoka soko la mtandaoni unakouzia: bidhaa yako moja imeondolewa, kuna mtu amelalamika kwamba umevunja hakimiliki yake. Kufika jioni duka lako lote halionekani. Oda tatu zimeshalipiwa, pesa za mkonge umeshatumia, na karo ya Januari inakuja vile vile.

Na hujaiba kitu. Kiondo umekisuka kwa mikono yako mwenyewe. Ila siku ile ulipofungua duka hukuwa na picha nzuri, kwa hivyo ukaingia kwenye intaneti, ukapata picha safi ya kiondo kinachofanana na chako, ukaipakia. Basi. Mwenye picha ameiona.

Mambo ya aina hii yanawapata watu wengi wanaouza kwa simu, na tunaandika somo hili kwa sababu likitokea, linaanza kama jambo la picha na kuishia kuwa jambo la pesa. Wateja wanataka kurudishiwa, wewe umeshanunua vifaa, na kwenye till hakuna kitu. Chukua dakika chache usome mpaka mwisho, hata kama unauza kwenye status ya WhatsApp peke yake.

Kwanza, hakimiliki ni nini?

Ni haki anayopata mtu juu ya kazi aliyoibuni na kuitengeneza: picha, mchoro, wimbo, maandishi, kinyago. Hapa Kenya inasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, na ofisi inayohusika ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ambayo wengi wanaijua kwa jina la KECOBO. Haki hiyo haingojei muhuri. Mtu akipiga picha leo saa nne asubuhi, saa nne hiyo hiyo picha ina mwenyewe, hata kama hajaiandikisha popote na hata kama hakuandika jina lake chini. Kwa kazi za sanaa zisizo picha za kamera, haki inadumu maisha yote ya aliyeitengeneza na miaka 50 baada ya kifo chake.

Sheria yetu haikusahau kazi za mikono. Inapotaja kazi za sanaa inahesabu pia vitu vya ufundi wa mikono na vitambaa vilivyofumwa vikiwa na picha. Kwa hivyo mtu anayesuka au kuchonga asifikiri hakimiliki ni ya wanamuziki wa Nairobi tu. Inaweza kukulinda wewe. Inaweza pia kukushika wewe.

Mtindo hauna mwenyewe, kazi yenyewe inaye

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi, na Machakos tuna mfano wetu wa nyumbani. Uchongaji wa vinyago wa Wamunyu, ule unaojulikana dunia nzima kama uchongaji wa Wakamba, unahusishwa na Mutisya Munge. Huyu alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona mafundi wa huko wakichonga, akarudi Wamunyu na ujuzi huo. Watoto na majirani wakajifunza kwake, wengine wakajifunza kwa hao, na leo ukipita njia ya kwenda Kitui utawakuta mafundi chini ya miti, twiga na vifaru wamejipanga.

Je, alivunja hakimiliki ya mtu? Hapana. Kuona namna fulani ya kuchonga ukajifunza na kuifanya kwa mkono wako si kosa. Hakuna mtu anayemiliki wazo la kuchonga twiga. Hakuna anayemiliki kiondo cha duara chenye mistari ya kahawia na nyeusi; mama zetu na nyanya zetu walisuka hivyo kabla hatujazaliwa, na mistari ile ni ya wote.

Lakini fundi wa Wamunyu akibuni kinyago chake, labda mzee aliyeinama juu ya nyuki, kwa pozi ambalo halijawahi kuonekana, kinyago hicho ni chake. Ukikichukua ukakinakili mkunjo kwa mkunjo halafu ukakiuza mtandaoni kama kazi yako, hapo umevuka mpaka.

Mtu atauliza: nikibadilisha kidogo je? Kuna msemo unaozunguka kwamba ukibadilisha asilimia 30 ya kazi ya mtu inakuwa yako. Hakuna sheria inayosema hivyo, si hapa wala Marekani. Sheria ya Kenya inaangalia kama umechukua sehemu kubwa ya kazi ile, hata kama umeigeuza, mradi bado inatambulika kuwa imetokana na ya kwanza. Kugeuza rangi ya bluu kuwa kijani hakukuokoi. Kumgeuza simba aangalie upande wa pili, pia hapana.

Picha ndiyo mtego mkubwa

Tukisema ukweli, wauzaji wengi wadogo hawaponzwi na bidhaa, wanaponzwa na picha ya bidhaa. Pinterest, Google, ukurasa wa mwenzako wa Instagram: picha zote hizo zina wenyewe. Kuwa picha inaonekana bure si kusema inatumika bure. Kuandika "picha kwa hisani ya mwenyewe" si ruhusa pia. Ni kama kuchukua mbuzi wa jirani ukaacha karatasi ya asante kwenye zizi. Na kukata ile sehemu yenye jina la mpiga picha ni kujiharibia kabisa, kwa sababu sasa huwezi tena kusema hukujua ina mwenyewe.

Kuna hatari nyingine kwenye picha za kuazima ambayo haina uhusiano na mahakama. Mteja aliyeko Kisumu au Dubai anaona kiondo cha kitaalamu kwenye picha, anatuma pesa, anapokea kiondo tofauti. Hata kama chako ni kizuri kuliko kile, sicho alicholipia. Atataka pesa zake.

Piga picha zako mwenyewe. Huhitaji kamera. Asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni jua likilegea, toa kiondo nje, kiweke juu ya kitambaa cheupe au ukutani, futa lenzi ya simu na shati, piga kumi uchague mbili. Halafu usifute zile nane. Picha ya asili iliyo kwenye simu yako huwa imehifadhi tarehe na saa ndani yake, na siku ya malalamiko hiyo ni shahidi wako.

Ukimlipa mpiga picha akupigie, mambo ni mazuri kuliko unavyodhani. Chini ya sheria yetu, kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hivyo mlipe kupitia simu, mwandikie meseji useme ni kwa ajili ya nini, na uihifadhi. Kama hukumlipa, ni rafiki tu amekusaidia siku ya soko, muombe akujibu kwa maandishi kwamba amekuruhusu kuzitumia kuuzia.

Na mtu aliye ndani ya picha? Hilo si hakimiliki, ni sheria nyingine, lakini linauma kwenye mfuko ule ule. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Mwaka wa 2023 ukumbi mmoja wa burudani jijini Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mteja akikubeba kiondo vizuri na tabasamu nzuri, muulize kwanza. "Mum, naomba kutumia picha hii kwa biashara, ni sawa?" Akijibu ndiyo kwenye WhatsApp, umemaliza.

Sheria ile ile ya kazi ya kuagizwa inaweza kukugeukia

Hii tunaisema polepole kwa sababu tunaona watu hawaijui. Mwenye duka la Nairobi anakupigia: "Mama, nitengenezee muundo mpya wa kiondo, nataka 40, nitatuma nusu sasa." Unakaa wiki mbili unabuni, unachora, unajaribu rangi. Anachukua mzigo, anamaliza kulipa, mnaagana vizuri. Miezi miwili baadaye unaweka muundo huo huo kwenye ukurasa wako, na yeye analalamika. Unashangaa: si mimi nilibuni?

Ulibuni wewe, lakini yeye ndiye aliyeagiza, na kama hamkukubaliana lolote anaweza kusema haki imehamia kwake. Kinga yake ni sentensi moja kabla ya kupokea malipo ya awali. Mwandikie hivi: "Sawa dada, nitakutengenezea 40. Muundo unabaki wangu na ninaweza kuutumia kwa wateja wengine. Ukikubali nijibu, ndio nianze." Akijibu "sawa," tayari kuna makubaliano. Na kama anataka uwe wake peke yake, hilo ni jambo lingine na lina bei nyingine. Usiuze muundo kwa bei ya kiondo.

Majina, katuni na nembo

Hapa tunatoka kwenye hakimiliki na kuingia kwenye alama za biashara, lakini mtandaoni malalamiko yanafika kwa njia ile ile. Bangili za ushanga zenye nembo ya Arsenal au Manchester United, vishikio vya funguo vya ngozi vyenye herufi za kampuni kubwa za mikoba, kofia za watoto zenye Mickey Mouse. Zinauzika haraka, tunajua. Ndiyo maana wenyewe wanazitafuta haraka. Kampuni kubwa huajiri watu na programu za kuzunguka kwenye masoko ya mtandaoni zikitafuta jina na picha, na programu haijui kama wewe una duka la bidhaa tano au elfu tano. Hapa nyumbani, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka wa 2008 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya kila bidhaa. Piga hesabu hiyo kwa bangili 200.

Kuna waliosikia kwamba Mickey Mouse sasa ni wa bure. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Filamu fupi ya kwanza ya mwaka wa 1928 ilitoka kwenye ulinzi wa hakimiliki Marekani tarehe 1 Januari 2024. Lakini Mickey wa miaka ya baadaye hajatoka, na jina na sura yake bado ni alama ya biashara. Kwa muuzaji wa Machakos, kutafuta tofauti hiyo kwenye kofia ya mtoto ya shilingi 400 ni kazi isiyo na faida.

Ajabu zaidi ni maneno yetu wenyewe. "Hakuna matata" ni Kiswahili cha kawaida. Mtoto wa chekechea anakisema. Lakini Disney iliomba kuyaandikisha kama alama ya biashara Marekani mwaka wa 1994, mwaka ilipotoa filamu ya Lion King, na uandikishaji ukakamilika 2003, kwa fulana. Mwaka wa 2018 watu wengi walikasirika wakatia sahihi ombi la kupinga. Hasira hiyo tunaielewa. Uandikishaji huo haukuzuii kusema hakuna matata, wala haukuzuii kuyachapa kwenye fulana za kuuza hapa Machakos kwa sababu ya karatasi ya Marekani. Lakini kama unauza fulana hizo kwenye soko la mtandaoni la Marekani, au binamu yako wa Dallas anakuuzia huko, hapo karatasi hiyo ina nguvu, na bidhaa inaweza kuondolewa.

Wakati mwingine watu wetu wameshinda. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha neno "kikoy" kama alama yake huko. Kama ingekubaliwa, mfumaji wa kikoi kutoka pwani angeuza nguo yake Uingereza bila kuruhusiwa kuiita jina lake. Wazalishaji wa Kenya na washirika wao Waingereza walipinga, na ombi lile likaachwa.

Kuhusu kiondo, umesikia ile hadithi kwamba Wajapani walichukua hataza yake. Imezunguka miaka mingi, mitaani na hata magazetini. Sisi tunaiona kwa wasiwasi. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na kitu ambacho kimesukwa Ukambani na Kikuyuni vizazi kwa vizazi si kipya kwa mtu yeyote. Mtu anaweza kulinda namna yake mpya ya kufunga zipu au kushikiza mkanda. Kiondo chenyewe, hapana. Kwa hivyo usiogope kuuza kiondo ukidhani ni mali ya mtu wa Tokyo. Tena tangu mwaka wa 2016 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni, inayoipa jamii, si mtu mmoja, sauti juu ya vitu kama hivi, na inayozipa serikali za kaunti kazi ya kutunza daftari lake. Vikundi vya akina mama wa Machakos wana haki ya kuuliza ofisini kwa kaunti daftari hilo limefika wapi.

Na khanga na kitenge? Kununua kitambaa halali dukani ukakishonea mkoba ni jambo moja. Kupiga picha mchoro wa kitambaa kile, kuupeleka kwa mtu wa kuchapa na kutoa mikoba yako ni jambo lingine kabisa. Wabunifu wa khanga walijua tangu zamani kuweka alama yao. Angalia khanga za Mombasa za Kaderdina utaona maneno "Mali ya Abdulla" pembeni. Fundi wa kiondo naye anaweza kushona kijilebo chenye jina lake ndani. Kinagharimu shilingi chache.

Kuomba ruhusa si aibu

Umeona mchoro wa twiga wa kijana fulani kwenye Instagram, umeupenda, unataka kuusuka. Mwandikie. Wengi wanakubali, wengine hata bure, kwa sababu wanaheshimiwa kwa kuulizwa. Mfano:

"Habari yako kaka. Mimi husuka viondo hapa Machakos. Nimeona mchoro wako wa twiga na nimeupenda sana. Naomba ruhusa niusuke kwenye viondo 20 vya kuuza mtandaoni, Kenya na nje. Ninaweza kukulipa shilingi 100 kwa kila kiondo kitakachouzwa. Ukikubali, tafadhali nijibu uandike: nimekubali, viondo 20, shilingi 100 kila kimoja. Asante."

Angalia kwamba meseji inataja idadi, mahali pa kuuza na pesa. Ruhusa ya kawaida kama hii hata ya mdomo inaweza kutosha kisheria, ila ya mdomo utaithibitishaje? Lakini ukitaka kununua haki yote, au ruhusa ya kutumia wewe peke yako, sheria inataka karatasi iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Meseji ya "sawa" haitoshi hapo. Na unapomlipa, lipa kwa simu, si taslimu mkononi. Rekodi ya muamala ikae pamoja na mazungumzo yenu.

Malalamiko yakija

Usijibu kwa hasira na usifungue duka lingine usiku huo kwa jina la mumeo. Soma vizuri: wanalalamikia nini hasa? Picha, muundo, au neno kwenye kichwa cha bidhaa? Mara nyingi ni neno tu. Mtu ameandika "mkoba kama wa" kampuni fulani ili apate wateja, na neno hilo ndilo limemkamatisha.

Kama kosa ni lako, liondoe, omba radhi, waambie wateja waliolipa ukweli mapema, na uwarudishie kwa njia ile ile waliyolipia. Masoko makubwa yana sera ya kufunga akaunti za wanaorudia, kwa hivyo malalamiko ya kwanza uyachukue kama kadi ya njano.

Kama kosa si lako, una haki ya kujibu. Masoko ya Marekani kama Etsy hufuata sheria yao ya mwaka wa 1998. Unatuma jibu la kupinga lenye jina lako, anwani, simu, na tamko kwamba unasema kweli. Kudanganya humo ni kosa la jinai huko. Unakubali pia kwamba mlalamikaji anaweza kukushtaki katika mahakama ya Marekani, na soko litampa jibu lako. Fikiria hilo kabla hujabonyeza. Asipoenda mahakamani, bidhaa inatakiwa kurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Yaani ukijibu tarehe 8 Desemba, huenda ikarudi Krismasi imeshapita. Ndiyo maana tunasema ushahidi uwe tayari kabla, si siku ile.

Hapa Kenya, tangu marekebisho ya mwaka wa 2019, sheria inampa mwenye haki nafasi ya kutuma notisi ya kuondoa kwa mtoa huduma wa intaneti, ambaye anatakiwa kuchukua hatua ndani ya saa 48 za kazi asipopata jibu la kupinga. Kutuma notisi ya uongo au ya chuki ni kosa. Hili ni muhimu, kwa sababu kuna wauzaji wanaolalamikiana kwa wivu tu.

Ushahidi ni upi? Watu hufikiria karatasi za wakili. Fikiria badala yake simu yako. Picha ya kiondo kikiwa nusu. Picha ya kitako tu, rangi bado hazijaingia. Daftari ulilochora muundo. Na miamala: tarehe 3 ulimlipa muuza mkonge, tarehe 5 ulilipia rangi, tarehe 19 ulimlipa fundi wa ngozi wa mikanda. Ukiomba taarifa ya miamala ya miezi hiyo, inasimulia hadithi nzima ya kiondo kile kwa tarehe na saa, na hakuna mtu aliyeazima picha anayeweza kuitoa. Kwa hivyo tenganisha laini ya biashara na ya nyumbani kama unaweza, na andika kwenye daftari malipo yapi yalikuwa ya oda ipi.

Ukitaka nguvu zaidi, andikisha kazi yako na KECOBO. Si lazima, lakini cheti kinasaidia mkibishana. Kwa umbo jipya la bidhaa kuna pia uandikishaji wa muundo wa viwandani kwenye taasisi ya KIPI, unaodumu miaka 5 na unaweza kuongezwa hadi 15. Kwa huo, waulize kabla hujaweka bidhaa mtandaoni, kwa sababu wanataka muundo ambao bado ni mpya.

Onyo moja la mwisho, na hili ni la kazi yetu hasa. Ukipokea simu au meseji: "Mimi ni afisa wa hakimiliki, umeripotiwa, tuma shilingi 3,500 kwa namba hii tufunge faili," usitume. Malipo ya serikali yanapitia eCitizen na paybill 222222, si namba ya mtu. Mkaguzi halisi akija dukani, muombe kitambulisho chake cha kazi, hana sababu ya kukificha. Na anayejiita mwenye picha na kutaka pesa papo hapo, muombe kwanza akutumie picha ya asili na akuonyeshe ilikochapishwa. Mwenye mali hatakosa.

Kama umesoma hapa na unajua una picha za watu kwenye duka lako, anza leo na ile inayouza zaidi. Piga mpya, badilisha. Kisha pitia katalogi ya WhatsApp, ukurasa wa Facebook, na yale matangazo ya zamani ya Jiji uliyosahau nenosiri lake, kwa sababu ukiondoa picha mahali pamoja na kuiacha pengine, mwenyewe ataipata kule ulikoiacha.